Grisi Iliyopakwa Siku ya Kushindwa



Sisi wa Mkomani twajua kuwa chombo hakiishi kwa ubora wa mbao peke yake. Jahazi lililoundwa Matondoni hudumu kwa sababu hupandishwa ufuoni, likapigwa kalafati upya kwa pamba na mafuta, na chini likapakwa shahamu na chokaa. Asiyepaka chombo chake asiilaumu bahari.

Leo nawasimulia habari za chombo cha chuma, mbali na pwani yetu, ambacho kimepita miaka 100 kwa sababu kuna waliokumbuka kupaka.

Ni MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa mwaka 1913 na kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Goetzen, jina la gavana aliyekuwa madarakani Vita vya Maji Maji vilipoanza. Kutoka baharini hakuna njia ya maji ya kuifikisha Kigoma. Basi ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli, kisha ikapelekwa bara kwa reli. Mafundi watatu wa kiwanda hicho, wakiongozwa na Anton Rüter, waliiunganisha tena Kigoma pamoja na vibarua wengi. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Wakati huo vita vilikuwa vimeshaanza, na kazi yake ya kwanza ikawa kubeba askari.

Mwaka mmoja baadaye Wajerumani walikuwa wanashindwa. Wabelgiji walikuwa wanaikaribia Kigoma, na amri ikatoka: meli izamishwe, adui asiipate.

Hapa nataka tusimame kidogo. Mtu anayekimbia hufanya nini? Huvunja. Huchoma. Husema, nikikosa mimi, basi na wote wakose. Lakini wale mafundi walizipaka injini grisi nzito, wakaijaza meli mchanga, wakaizamisha taratibu karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Ilikuwa tarehe 26 Julai 1916.

Siwapambi, wapendwa. Waliitumikia serikali ya kikoloni, na walipaka grisi wakitumaini kurudi kuichukua mali yao. Hawakurudi. Ila kazi iliyofanywa vizuri haiulizi itamfaa nani.

Mwaka 1924 Waingereza waliiinua. Injini zilikutwa bado zinafaa. Tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi tena kwa jina jipya, Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe. Injini zile zile za mvuke ziliendelea kuisukuma hadi miaka ya 1970, zilipobadilishwa kwa za dizeli.

Tangu hapo hesabuni waliopanda. Kwa miaka mingi ilitoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, ikipita vijiji visivyo na gati. Ilisimama majini, na mitumbwi ikaijia ubavuni, hata usiku wa manane, ikileta kina mama, watoto, magunia ya mahindi na dagaa. Mwaka 1997 iliwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo. Mwaka 2015 Warundi kwa maelfu walikimbilia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kisicho na barabara ya kuwatoa. Kipindupindu kikawaingilia. Liemba ilitia nanga mbali na ufuo, watu wakapelekwa kwayo kwa mitumbwi, ikawafikisha Kigoma, mamia kwa kila safari. Ilikuwa na umri wa miaka 100.

Yule mama wa Burundi aliyepanda na mtoto mgongoni hakujua habari za grisi ya 1916. Wala aliyeipaka hakumjua yeye.

Kati yetu wapo wanaofunga duka mwezi huu. Wapo waliohamishwa kazi, na waliotolewa kwenye uongozi wa kikundi wakiwa na uchungu moyoni. Nakuuliza kwa upendo: unaondokaje? Daftari unaliacha safi, au unalichana? Funguo unazikabidhi, au unazitupa? Aliyechukua nafasi yako umemwonyesha kazi, au umemwacha ahangaike?

Mkono ukiwa bado umeshika kazi, ipake grisi kwanza. Ndipo uiachie.