Bili ya Hospitali na Dhiki ya Taifa: Historia ya Matibabu katika Mwambao wa Rumonge

Rumonge, mji wa wavuvi na wakulima wa michikichi kusini mwa Bujumbura, haukulima kahawa iliyolisha hazina ya Burundi, lakini bei ya zao hilo ilipoporomoka baada ya makubaliano ya kimataifa ya kahawa kuvunjika mwaka 1989, wagonjwa wake nao walianza kuulipa upungufu wa hazina hiyo. Tangu 1986 serikali ilikuwa katika mpango wa marekebisho ya uchumi, yaani masharti ya wakopeshaji yaliyoitaka ibane matumizi, na afya haikusalimika. Mwambao ulikuwa na haja kubwa ya huduma hizo: kipindupindu kiliingia nchini mwaka 1978, na utafiti wa Rumonge uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1997 ulikihusisha na kuoga katika Ziwa Tanganyika na kunywa maji yake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1993 vilifuatwa na vikwazo ambavyo nchi jirani ziliiwekea Burundi baada ya mapinduzi ya Julai 1996 na kuviondoa Januari 1999. Dawa za dharura ziliruhusiwa, lakini ruhusa ya dawa bila mafuta ya gari la kuzisafirisha ilikuwa nusu ya msaada.

Pigo zito zaidi, hata hivyo, lilitoka ndani. Mwaka 2002 serikali ilieneza utaratibu wa kurejesha gharama, ambao ulimtaka mgonjwa alipie vipimo, dawa na kitanda ili kituo kijiendeshe. Katika nchi iliyotoka kupoteza mifugo, mavuno na nyumba, matokeo yake yalikuwa ya aibu: ripoti ya Human Rights Watch na chama cha haki za binadamu cha Burundi, APRODH, ya Septemba 2006 ilieleza jinsi hospitali zilivyowazuilia wagonjwa waliokwisha kupona, wakiwemo akina mama waliojifungua kwa upasuaji, wiki hata miezi, chini ya ulinzi, wakila walichogawiwa na wagonjwa wenzao, mpaka deni lilipwe. Hakuna hesabu ya uchumi inayoweza kuhalalisha jambo hilo.

Mwezi Mei 2006 Rais Pierre Nkurunziza alitangaza matibabu ya bure kwa watoto wa chini ya miaka 5 na kwa wajawazito wanaojifungua. Wagonjwa wakafurika, huku vituo vikisubiri kurudishiwa fedha zao na serikali, hadi mwaka 2010 malipo hayo yalipounganishwa na mfumo wa kuvilipa vituo kulingana na kazi iliyofanyika.

Mfumo huo ulitegemea sana wafadhili, na Umoja wa Ulaya ulisitisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali Machi 2016, kufuatia mgogoro wa kisiasa wa 2015. Kipindupindu kilitangazwa tena Januari 2023, na miezi michache baadaye thamani ya faranga ikashushwa rasmi, wakati dawa nyingi zinaagizwa kwa dola. Serikali iliyoahidi matibabu ya bure inawajibika kuzitengea dawa hizo fedha za kigeni kabla ya matumizi mengine.