Risasi Ndani ya Tangi

Morris Minor ya mwaka 1960 haikuundwa kunywa petroli inayouzwa Nairobi leo. Ukiiona ikipanda Ngong Road polepole, huenda fundi fulani alishaifungua injini na kuibadilisha kitu, kwa sababu mafuta iliyoyazoea yalipigwa marufuku.

Hadithi yenyewe inaanzia Dayton, Ohio. Desemba 1921, mhandisi wa General Motors, Thomas Midgley, aligundua kwamba ukitia dawa yenye madini ya risasi kwenye petroli, injini inaacha kugonga. Ethanoli ingefanya kazi hiyo hiyo, na walijua. Lakini ethanoli ni pombe tu, nani angeimiliki peke yake? Doo ilikuwa kwa risasi. Wakaiuza kwa jina Ethyl, jina lisilotaja risasi hata kidogo. Kwa Kiswahili wangepata shida: madini hayo na kile kinachotoka kwa bunduki tunaviita neno moja.

Oktoba 1924, wafanyakazi watano wa kiwanda cha mafuta cha Bayway, New Jersey, walirukwa na akili, wakafa. Midgley akasimama mbele ya waandishi wa habari, akanawa mikono na dawa hiyo na kuinusa, ati ni salama. Mwaka mmoja kabla, yeye mwenyewe alikuwa ameugua sumu ya risasi, akaenda Florida kupona. Dunia ikaendelea kujaza tangi.

Sasa, risasi ilikuwa na kazi ya pili. Ilipoungua iliacha utando mwembamba mahali vavu inapokalia, kama mto. Injini nyingi za zamani zilitegemea mto huo. Ukiuondoa, chuma laini kinaliwa pole pole, vavu inazama, nguvu zinaisha. Ndiyo maana Uingereza ilipopiga marufuku petroli hiyo mwaka 2000, iliwaachia wenye magari ya kale kiasi kidogo, asilimia 0.5 ya mauzo.

Huku kwetu, nchi za kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar, Juni 2001, kuachana nayo. Kufikia Januari 2006 Kenya ilikuwa imemalizana nayo. Mwenye gari la zamani alibaki na njia mbili: kununua dawa ya kuchanganya kwenye tangi, au kumlipa fundi atie viti vya vavu vya chuma kigumu. Gharama, ndiyo. Lakini fundi akishamaliza, imeisha.

Gharama ile nyingine haikuwa na risiti. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna fundi wa kuurudisha. Waliovuta moshi huo kando ya barabara wengi walikuwa wanatembea kwa miguu. Hawakuwahi kumiliki hata tairi.

Algeria ndiyo iliyouza lita ya mwisho, Julai 2021, karibu miaka 100 baada ya Midgley. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lililo hapa Gigiri, linakadiria hatua hiyo inazuia vifo zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

Morris nazo bado zinatembea. Kwa hivyo ukisikia tena kwamba sheria fulani ya sumu itaua magari ya zamani, uliza kwanza: spea ya gari ipo, ya mtu je?