Tunda na mipaka ya Maniema

Jina la Tunda halimo katika orodha ya teritwari saba za jimbo la Maniema, mashariki ya Kongo: Kabambare, Kailo, Kasongo, Kibombo, Lubutu, Pangi na Punia. Kwa serikali, Tunda ni sehemu ya Kibombo, magharibi ya mto Lualaba, kuelekea Sankuru. Lakini ukiwauliza watu wa afya, watakutajia zoni 18 za jimbo, na Tunda ni mojawapo, ina zoni yake na hospitali yake. Mahali pamoja, hesabu mbili. Ili kuelewa ilikuwaje, inabidi kurudi nyuma sana, kabla ya ofisi yoyote kufunguliwa Kindu, mji mkuu wa jimbo.

Miji ya kwanza mikubwa ya nchi hii ilikuwa Nyangwe na Kasongo. Wafanyabiashara wa pwani na wafuasi wao walioitwa Wangwana waliijenga kando ya Lualaba na karibu nayo, wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871, na mwezi Julai akaona watu wenye bunduki wakifyatulia risasi soko lililojaa watu. Mamia walikufa, wengi wao wanawake waliokuja kuuza chakula. Kasongo ikawa makao ya Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri miongoni mwao, na mabaki ya mji ule wa zamani hadi leo yanaitwa Tongoni. Kiswahili tunachozungumza Maniema kilipita njia hiyo hiyo ya misafara, na hatuwezi kukipenda huku tukisahau damu ya soko la Nyangwe.

Mwaka 1893 majeshi ya Dhanis, ofisa Mbelgiji wa Dola Huru ya Kongo, yaliteka Nyangwe mwezi Machi na Kasongo mwezi Aprili. Mji wa Nyangwe haukuinuka tena kama zamani. Dola mpya ilikuwa na hesabu nyingine: ilitaka mahali ambapo meli na treni zinakutana. Kutoka Ubundu mto unapitika hadi Kindu, lakini ukipanda zaidi kuelekea Kongolo unakutana na maporomoko. Kampuni ya reli ya CFL ikajenga njia ya kilomita 355 kutoka Kindu hadi Kongolo, ikakamilika mwishoni mwa 1910. Reli ikapita Kibombo. Hapo ndipo Kindu, iliyoandikwa kwenye ramani za Wabelgiji kama Kindu-Port-Empain, ilipoanza kuzipita Kasongo na Nyangwe. Kalima nayo, katika Pangi, ilikuzwa na machimbo ya bati ya Symétain.

Mipaka nayo iliwekwa na watu waliokuwa mbali. Maniema ilifanywa wilaya mwaka 1912. Mwaka 1933 ikatiwa ndani ya jimbo la Costermansville, ambalo mwaka 1947 liliitwa Kivu. Mwaka huo huo wa 1933, dekreti ya Desemba iliziunganisha shefri ndogo ndogo ziwe sekta. Katika shefri, kiongozi hurithi kiti cha wazee wake. Katika sekta, huteuliwa. Hadi leo ugomvi mwingi wa ardhi na wa madaraka vijijini unaanzia kwenye fundo hilo lililofungwa na wakoloni.

Kwa watu wa upande wa Tunda, mpaka uliouma zaidi ni ule wa magharibi. Wakusu wa Kibombo na Watetela wa Sankuru ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini mpango wa 1933 uliwaweka katika majimbo mawili: Sankuru ikaenda jimbo la Lusambo, Maniema ikaenda Costermansville. Machi 1960, miezi mitatu kabla ya uhuru, wawakilishi wao walikutana Lodja kutafuta umoja wao. Hata hivyo, mpaka ulibaki.

Misheni haikuujali. Wamethodisti kutoka Marekani walianza Wembo Nyama, Sankuru, mwaka 1914, na katika miaka ya 1920 wakafungua kituo Tunda: kanisa, shule, hospitali. Wagonjwa na wanafunzi wakafuata njia ya undugu wao. Nami naona hapo ndipo Tunda ilipogeuka mji, ingawa hakuna administrata aliyeitangaza hivyo. Nchi ilipogawanywa katika zoni za afya, hospitali ilikuwa tayari inangoja.

Baada ya uhuru Maniema ilikuwa jimbo kwa muda mfupi, kuanzia 1963, kisha ikarudishwa Kivu mwaka 1966. Ikawa jimbo tena mwaka 1988, Kivu ilipokatwa vipande vitatu, na mgawanyo wa majimbo 26 haukuigusa. Eneo lake ni kilomita za mraba 132,250, zaidi ya mara nne ya Ubelgiji yenyewe. Katika ukubwa huo wote, Kindu ina komini tatu: Kasuku na Mikelenge ng'ambo ya magharibi, Alunguli ng'ambo ya mashariki.

Katiba ya 2006 inasema mji, komini, sekta na shefri zijitawale. Teritwari haimo, yenyewe ni ngazi ya utawala wa serikali tu. Kwa maandishi, basi, sekta za Kibombo zina haki ambayo teritwari ya Kibombo haina. Lakini Desemba 2023, madiwani walichaguliwa katika komini za miji mikuu ya majimbo peke yake, kwa hiyo katika Maniema waliowachagua walikuwa watu wa Kindu tu. Mama anayejifungulia hospitali ya Tunda bado hajawahi kumpigia kura diwani wa sekta yake, na barabara inayomfikisha hapo inaamuliwa na watu asiowachagua.