Kabla ya hoteli kulikuwa na sengu

Leo ukishuka basi stendi ya Mbinga asubuhi na mapema, chai, maandazi na supu viko karibu. Katika historia ya Umatengo, nchi ya Wamatengo, jambo hilo ni geni. Wazee wa milima hii hawakukulia kwenye chakula cha kununua. Walikula sengu.

Sengu ilikuwa mlo na baraza kwa pamoja. Ukoo ulikusanyika nyumbani kwa mkubwa wao, kila nyumba ikileta chakula chake, na wakati watu wanakula mambo yalizungumzwa: ugomvi wa mipaka, kijana wa kuonywa, shamba la kulima. Aliyepungukiwa naye alishiba, na hakuna aliyemuuliza alileta nini. Naiona kuwa taasisi kubwa kuliko inavyosifiwa, maana wenye njaa na wenye kesi walihudumiwa palepale.

Kilicholiwa kilitoka kwenye ngolo, mashamba ya mashimo na matuta. Wangoni walipolivamia eneo hili katika karne ya 19, Wamatengo walibanana milimani, kwenye miteremko ambayo mvua ingeweza kuimaliza kwa misimu michache. Dawa yao mpaka leo inaonekana toka barabarani. Mwezi wa Machi, mvua zikielekea mwisho, majani hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, mlima mzima ukawa kama wavu. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila jicho la wavu na kuufukia juu ya majani. Linabaki shimo la kupokea maji, limezungukwa na matuta yenye mbolea ya majani yanayooza. Maharage hupandwa juu ya matuta hayo, na msimu unaofuata ni zamu ya mahindi. Ugali na maharage ya Mbinga, basi, ni kazi ya jembe na akili ya vizazi vingi.

Kahawa ndiyo iliyoleta mlo wa kununua. Arabika ilianza kupandwa Umatengo miaka ya 1920, ikashamiri, na baadaye chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, MBICU, kikawa ndicho mnunuzi wa wakulima hadi kilipoanguka katika miaka ya 1990. Pesa za msimu zilileta maduka, malori na wachuuzi, na wasafiri wa namna hiyo hawana ukoo wa kuwapikia. Mama lishe akawasha jiko. Vilabuni komoni ya mahindi ikapata wateja wenye fedha mkononi.

Kahawa yenyewe haikukaa mezani. Ilikobolewa, ikapelekwa mnadani Moshi, ikavuka bahari kwenda kunywewa mikahawani Ulaya na Japani. Mtalii anayetafuta mahali pazuri pa kunywa kahawa katika jiji la Ujerumani au Italia huenda akapewa kikombe chenye jasho la Mbinga ndani yake, huku mkulima aliyeichuma akinywa chai. Hilo linaniuma. Kahawa ya hapa ingestahili kuwa kinywaji cha kwanza anachowekewa mgeni wa Mbinga, imekaangwa na kutwangwa hapahapa.

Ukiteremka kwenda Ziwa Nyasa, mlo unabadilika pamoja na hewa. Kule ugali ni wa muhogo na kitoweo ni samaki. Usipa, hao dagaa wa Nyasa wanaogombewa mpaka Songea, huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, kisha huanikwa juani. Chambo yupo, na mbasa, ambaye mvua zikinyesha hupanda mito kwenda kutaga mayai.

Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay, ina kisa chake cha vinywaji. Wajerumani waliiita Sphinxhaven kwa sababu ya jabali lake linalofanana na sanamu ya Misri, na hapo ndipo meli yao Hermann von Wissmann ilipokuwa ikitengenezwa. Nahodha wake, Berndt, na Rhoades, Mwingereza wa meli Gwendolen, walikuwa marafiki waliokunywa pamoja wakati wa amani. Tarehe 13 Agosti 1914 Rhoades alifika na kufyatua mzinga. Berndt hakuwa na habari kwamba vita imetangazwa. Meli yake iliharibiwa na yeye akachukuliwa mateka na mwenzake wa glasi.

Baada ya vita ziwa liliendelea kuwa barabara ya watu wa mwambao. Kwa miaka mingi meli MV Songea iliwasafirisha kati ya Itungi na Mbamba Bay ikipita Lupingu, Manda na Liuli, na siku ya meli ikawa siku ya biashara: waliosubiri walihitaji kula, walioshuka walikuwa na njaa. MV Mbeya II, yenye uwezo wa abiria 200 na tani 200 za mizigo, ilianza kazi mwaka 2021. Nyasa ilikuwa imekwisha kuwa wilaya yake mwaka 2012, makao makuu yakiwa Mbamba Bay, na sasa lami imefika kutoka Mbinga.

Kwa hiyo anayekwenda leo anaweza kunywa chai Mbinga asubuhi na kula mchana ziwani. Aagize ugali wa muhogo na usipa wa kukaanga, na aulize kama kuna mbasa. Akirudi milimani jioni, aombe kahawa, hata kama hoteli haina. Wakiulizwa mara nyingi watachemsha.