Kustaafu kwa Watendaji wa Kanisa: Kaptembwo na Bonde la Ufa la Kati

Karani wa parokia, mhazini, katekista, mtunza majengo na mpishi wa nyumba ya mapadri ndio wanaoendesha kanisa kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Katika Kaptembwo, mtaa wenye msongamano mkubwa wa watu upande wa magharibi wa jiji la Nakuru, mtu anaweza kushika kazi kama hiyo kwa miaka 20 au 30, huku mapadri na wachungaji wakiletwa na kuhamishwa mmoja baada ya mwingine. Kustaafu kwa watu hawa ni jambo changa katika historia ya makanisa ya Bonde la Ufa. Kazi yenyewe ni ya zamani; iliyochelewa ni tarehe ya kuimaliza.

Mizizi yake iko katika vituo vya misheni. Johann Ludwig Krapf wa chama cha wamisionari cha CMS alifika Mombasa mwaka 1844, na tangu siku za vituo vya Rabai na Freretown wamisionari waliwategemea Waafrika waliojua kusoma ili kufundisha, kutafsiri, kupiga kengele na kuandika majina ya waumini. Wawili wao, William Jones na Ishmael Semler, walipewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Waliopata daraja waliingia katika utaratibu wa makasisi, wenye kanuni na posho zake. Wenzao waliobaki wasomaji na walimu wa dini walibaki kando ya utaratibu huo. Mpaka uliochorwa mapema hivyo ndio, kwa kiasi kikubwa, uliokuja kuamua nani angezeeka akiwa na malipo na nani angezeeka na shukrani tu.

Bara, mambo yalifuata reli. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1904 Nakuru ikatangazwa kuwa mji mdogo, kitovu cha mashamba ya walowezi. Wakristo wa kwanza wa eneo hili walikuwa kwa sehemu kubwa vibarua wa mashamba na wafanyakazi wa reli waliotoka Ukambani, Nyanza, Magharibi na Mkoa wa Kati. Padri au mmisionari alifika mara chache. Katika nafasi yake alikuwapo katekista au mwinjilisti, aliyezunguka shamba hadi shamba kwa miguu au kwa baiskeli, akafundisha watoto, akazika wafu na kupeleka hesabu ya sadaka kituoni. Malipo yake yalikuwa kidogo. Hakuna aliyetarajia kumwandikia barua ya kustaafu: aliacha kazi miguu ilipokataa, na kijana aliyekuwa akimsaidia akaendelea pale alipofikia mzee.

Ofisi zilikuja na majimbo. Dayosisi ya Kianglikana ya Nakuru iliundwa mwaka 1961 chini ya Askofu Neville Langford-Smith; Jimbo Katoliki la Nakuru likafuata Januari 1968, likitegemea sana mwanzoni mapadri wa Shirika la Mtakatifu Patrick kutoka Ireland. Mwaka 1971 ulikuwa mwaka wa mageuzi. Raphael Ndingi Mwana'a Nzeki alihamishwa kutoka Machakos kuwa askofu wa Nakuru, wadhifa alioushika hadi 1996. Mwaka huohuo misheni ya AIM ilikabidhi kazi na mali yake kwa Africa Inland Church, kanisa lenye mizizi mirefu katika Bonde la Ufa. Na mjini Milwaukee, Marekani, John Gatu, katibu mkuu wa kanisa la PCEA, aliwataka wamisionari na fedha za kigeni visimame kwa muda ili makanisa ya Afrika yajifunze kujitegemea. Wito huo hukumbukwa kama hoja ya kitheolojia, lakini uzito wake uliangukia meza ya mhazini. Mmisionari alipoondoka aliondoka mtu aliyeweka vitabu vya hesabu, aliyeandika barua za benki na aliyejua ufunguo gani unafungua kabati gani. Kazi hiyo yote ikawa ya karani mwenyeji.

Kwa Wakatoliki, daftari lenyewe lina historia ndefu kuliko Kenya. Mtaguso wa Trento uliagiza mwaka 1563 kwamba paroko aandike ndoa na ubatizo, na Sheria ya Kanisa ya 1983 inadai kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo, pamoja na baraza la fedha. Kisheria mwenye dhamana ni paroko. Kiutendaji, mwandiko unaojaa kurasa hizo mwaka baada ya mwaka huwa wa karani. Katika Kenya kitabu hicho kimefanya pia kazi ambayo serikali haikuweza kuifanya kwa ukamilifu, kwa maana wengi waliozaliwa nyumbani hawakuwahi kupata cheti cha kuzaliwa, na kadi ya ubatizo ikawa uthibitisho wa umri wao na wa wazazi wao walipoenda kuomba kitambulisho. Makosa ya herufi moja katika jina yanaweza kumsumbua mtu hadi anapodai urithi.

Kisha zikaja jumuiya. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mkutano wa AMECEA uliofanyika Nairobi mwaka 1976, waliziweka jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa nguzo ya uchungaji wao. Nia ilikuwa ya kiroho, ila matokeo yake ofisini yalikuwa karatasi. Kila jumuiya ina mwenyekiti, katibu na mhazini. Kila moja huleta mchango wake na kudai risiti. Na mzazi anayetaka mtoto wake abatizwe huulizwa kwanza kama anajulikana katika jumuiya yake. Karani aliyekaa muda mrefu hahitaji kuuliza swali hilo.

Hapo ndipo Kaptembwo inapotofautiana na parokia ya mashambani. Mtaa huu, pamoja na jirani yake Rhonda, ulikua baada ya uhuru juu ya ardhi iliyokuwa ya mashamba, ikakatwakatwa kuwa ploti, na ploti zikajengwa vyumba vya kupanga, familia nyingi zikitumia choo kimoja na mfereji mmoja. Wakazi ni Wakikuyu, Wajaluo, Waluhya, Wakisii, Wakalenjin na wengineo, wengi wao vibarua, wachuuzi na mafundi wanaohama kodi inapopanda. Kiswahili ndiyo lugha ya ofisi ya kanisa kwa sababu hakuna nyingine inayowatosha wote. Karani anapokea mama anayeomba nauli ya kusafirisha maiti kwenda Siaya, kijana anayetaka barua ya kumtambulisha kwa mwajiri, mwenye hema anayedai salio lake la harusi ya Jumamosi, fundi wa spika, na chifu anayetaka ukumbi kwa baraza. Mchungaji aliyefika mwezi uliopita hamjui hata mmoja wao. Si ajabu, basi, kwamba waumini wengi huona mamlaka halisi ya kanisa katika chumba chenye dirisha la wavu na mhuri mezani.

Kujua watu namna hiyo kulipimwa vikali mwishoni mwa Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipoingia Nakuru. Kaptembwo na Rhonda zilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia zaidi. Maelfu walikimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo na viwanja vya makanisa. Ofisi za parokia ziligeuka za kuandikisha waliohama, kugawa unga na blanketi, na baadaye kutoa nakala za vyeti vilivyoungua pamoja na nyumba. Jumuiya zilizochanganya makabila zilipungua au kuhama, na orodha zilizokuwa sahihi Desemba hazikuwa na maana Februari.

Kanuni za kustaafu ziliandikwa kwanza kwa wenye daraja. Paroko Mkatoliki hutakiwa kutoa barua ya kujiuzulu anapofika miaka 75, sawa na askofu. Ndingi, aliyezaliwa Desemba 1931, aliacha uaskofu mkuu wa Nairobi mwaka 2007. Kwa Waanglikana, Askofu Mkuu Eliud Wabukala alistaafu mwaka 2016 akiwa na miaka 65. Mlei hana tarehe kama hiyo katika sheria ya kanisa. Hata hivyo Sheria ya 1983, kanuni ya 231, inasema wazi kwamba walei wanaolitumikia kanisa kwa kudumu wana haki ya ujira unaostahili, bima na akiba ya uzeeni. Ni moja ya kanuni ambazo parokia maskini huzisoma haraka haraka.

Kwa walei, akiba ya uzeeni ililetwa na serikali. Hazina ya hifadhi ya jamii, NSSF, ilianzishwa mwaka 1965, lakini kwa miaka mingi waajiri wenye wafanyakazi chini ya watano hawakubanwa nayo, na kanisa lenye karani mmoja na bawabu mmoja lilikuwa mwajiri wa aina hiyo. Hata aliyeandikishwa hakupata kingi. Kabla ya mabadiliko ya karibuni mchango ulikuwa Sh200 kwa mwezi kutoka kwa mfanyakazi na Sh200 kutoka kwa mwajiri. Miaka 20 ya michango hiyo ni Sh96,000 kabla ya riba. Sheria ya Ajira ya 2007 iliongeza kwamba asiye mwanachama wa NSSF wala mpango mwingine wa uzeeni anastahili malipo kwa kila mwaka aliotumika. Sheria mpya ya NSSF ya 2013, iliyocheleweshwa mahakamani hadi Februari 2023, ilipandisha mchango kuwa asilimia 6 ya mshahara kwa kila upande. Kwa karani aliyeanza kazi miaka ya 1990, nafuu hiyo ilifika jioni.

Pengo lililobaki huzibwa na harambee. Sherehe ya kumuaga mtendaji wa kanisa hufanyika Jumapili, baada ya ibada ya shukrani: vikundi vya akina mama, vijana na jumuiya hupita mbele kwa nyimbo wakiwa na bahasha, na pamoja na pesa huja zawadi za vitu, kama vile tangi la maji, seti ya viti au ng'ombe wa maziwa kwa mwenye shamba la kurudia. Ni sherehe ya kweli na watu hutoa kwa moyo. Lakini ukubwa wake hutegemea msimu, hali ya uchumi na jinsi mstaafu alivyopendwa, ambayo ni misingi dhaifu ya kumlipa mtu haki yake. Mama aliyefagia kanisa miaka 25 mara nyingi huagwa kwa leso na makofi.

Makabidhiano ndiyo sehemu ngumu, na hupewa muda mfupi kuliko chakula. Vitabu, funguo, mhuri na hati za ardhi huhesabiwa kwa siku moja. Sahihi za benki huchukua wiki kadhaa. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 limeongezeka tatizo lisilokuwapo zamani: laini ya simu inayopokea sadaka huenda imesajiliwa kwa jina na kitambulisho cha mhazini mwenyewe, na akiondoka anaondoka nayo kisheria. Makanisa makubwa yamehamia namba za malipo zilizosajiliwa kwa jina la kanisa. Madogo bado hutegemea uaminifu.

Mwaka 2020 kustaafu kulikuja bila sherehe. Makanisa yalifungwa Machi kwa sababu ya korona, na yaliporuhusiwa kufunguliwa Julai masharti yalikuwa ibada ya saa moja, watu wasiozidi 100, na hakuna mwenye umri wa chini ya miaka 13 wala zaidi ya 58. Wazee wa kanisa na wahazini wengi walijikuta nje ya mlango waliokuwa wakiufungua wao. Vijana waliojua kurusha ibada mtandaoni walishika nafasi, na wengine hawakuziachia tena.

Nje ya makanisa ya zamani, vichochoro vya Kaptembwo vina makanisa mengi ya mabati ambamo mwanzilishi ndiye mchungaji, mkewe ndiye mhazini na ndugu yake ndiye katibu. Sheria ya Vyama hudai majina ya viongozi na taarifa wanapobadilika, ila hakuna mshahara, kwa hiyo hakuna pa kustaafia. Majaribio ya kuyaweka makanisa chini ya kanuni kali zaidi, mwaka 2016 na baada ya vifo vya waumini katika msitu wa Shakahola mwaka 2023, yalijadili zaidi elimu na mafundisho ya wachungaji kuliko hali ya wanaowafanyia kazi.

Wengi wanaostaafu katika makanisa makubwa huendelea kufika ofisini, kwanza kuelekeza, kisha kama wenyeviti wa jumuiya au wajumbe wa baraza la fedha. Anayefika miaka 70 anaweza kuandikishwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii, uliopanuliwa mwaka 2018 kuwafikia wazee wote wa umri huo wasio na pensheni, kwa Sh2,000 kwa mwezi. Fomu zake hujazwa kwa chifu, na mwombaji hutakiwa kuwa na kitambulisho chenye tarehe sahihi ya kuzaliwa.