Ebola Nyumbani, Ebola Kituoni: Hoja Inayojizalia Ushahidi Wake

Dai kwamba mgonjwa wa virusi visivyo na dawa ni afadhali auguzwe nyumbani halikuzuka kwa ujinga, ingawa maandishi mengi kuhusu mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, nchini Kongo (Agosti 2018 hadi Juni 2020, wagonjwa 3,470, vifo 2,287) huliweka fungu moja na uvumi. Huko Yambuku, Kongo hiyohiyo, mwaka 1976, hospitali ya misheni ndiyo iliyosambaza virusi kwa sindano zilizorudiwa mgonjwa baada ya mgonjwa. Katika mlipuko wa Kikwit, pia Kongo, 1995, wahudumu wa afya walikuwa takriban robo ya walioambukizwa. Nchini Liberia, mwaka 2014, vitanda vilipokosekana, mwanafunzi mmoja wa uuguzi aliwahudumia jamaa zake wanne nyumbani huku akijikinga kwa mifuko ya taka, watatu wakapona. Mtetezi wa nyumba ana pa kusimama.

Tatizo la ushahidi huo ni umri wake. Unatoka enzi ambazo kituo cha Ebola, ukiondoa dripu na dawa za kutuliza, kilikuwa na kidogo sana cha kumpa mgonjwa. Faida kubwa ilikuwa ya majirani zake, yeye akibeba upweke. Hesabu hiyo ilibadilika Agosti 2019.

Jaribio la PALM, lililoendeshwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina chini ya uongozi wa Profesa Jean-Jacques Muyembe, lilipima dawa nne kwa wagonjwa 681. Mbili za kingamwili zilizishinda nyingine: vifo vilikuwa asilimia 33.5 na 35.1, dhidi ya 49.7 kwa ZMapp, mojawapo ya zilizoshindwa. Takwimu hizo ndizo zilizoshangiliwa. Kwangu mimi, iliyo nzito zaidi ni nyingine: kati ya waliofika ndani ya siku moja tangu dalili zianze, walikufa asilimia 19, na kati ya waliofika baada ya siku tano, 47.

Hapo ndipo ninapoona fumbo la Butembo, la familia kuwaficha wagonjwa wao, likifumbuka. Familia iliyomficha mgonjwa haikuwa imekosa akili; ilikuwa imehesabu. Iliona jirani akiingia kituoni na kutoka amefungwa katika mfuko wa maiti. Lakini jirani huyo aghalabu alipelekwa akiwa hoi, baada ya kuzungushwa kwa waganga na zahanati za mtaani. Kuchelewa kukajaza vifo kituoni, vifo vikakichafulia kituo jina, na jina baya likamchelewesha mgonjwa wa pili. Hoja ya kuuguza nyumbani ikawa inajizalia ushahidi wake yenyewe. Vituo vya Katwa na Butembo viliposhambuliwa Februari 2019, sababu za kisiasa zilikuwepo, wala sizipuuzi. Ila duara hili lilikuwa tayari limezunguka kwa miezi.

Itapingwa kwamba PALM haikuwa na kundi la waliobaki nyumbani. Ni kweli, wala haikuwezekana kuwa nalo kwa maadili ya utafiti. Itapingwa pia kwamba waliowahi huenda walikuwa kwenye orodha ya waliokutana na wagonjwa, hivyo walikwisha kuchanjwa. Pingamizi hili lina uzito, na sehemu ya tofauti hiyo huenda ni ya chanjo. Lakini kuna upendeleo mwingine unaovuta upande wa pili: waliofia nyumbani kabla ya siku ya tano hawamo katika hesabu kabisa. Waliofika siku hiyo ni wale ambao ugonjwa ulikuwa haujawamaliza.

Kwa hiyo sera ya kumwangalia mgonjwa nyumbani hadi azidiwe, iliyofaa kwa korona (Kenya ilitoa mwongozo wake Juni 2020, na ulikuwa wa busara kwa kuwa wengi waliugua kidogo), haihamishiki kwenye Ebola ya aina ya Zaire. Kuzidiwa ndiko kuchelewa kwenyewe.

Mpaka wa hoja yangu uko Mubende. Mlipuko wa Uganda wa 2022 ulikuwa wa virusi vya Sudan, ambavyo kingamwili zile hazivigusi. Hata hivyo, kati ya waliothibitishwa 142 walikufa 55, ilhali mlipuko wa virusi hivyohivyo huko Gulu, Uganda, mwaka 2000 uliua 224 kati ya 425. Hesabu hizi mbili hazikukusanywa kwa kipimo kimoja, na upimaji ulikuwa umeboreka sana. Bado ninaelekea kuamini kwamba maji ya mshipa, yakitolewa mapema na muuguzi asiyeogopa kumkaribia mgonjwa, yanaeleza sehemu ya pengo hilo.