Akiba iliyooza: usimamizi wa pensheni za watumishi wa umma nchini Kongo, 1956–2022

1. Utangulizi

Methali ya Kiswahili husema kwamba akiba haiozi. Historia ya pensheni nchini mwetu inatulazimisha kuihoji methali hiyo. Kwa muda wa zaidi ya miaka sitini sheria zilitungwa, mifuko iliundwa na kubadilishwa majina. Hata hivyo mtumishi wa Serikali aliyemaliza maisha yake ya kazi ofisini au darasani aliweza kufika uzeeni mikono mitupu. Sababu inayotajwa kwanza ni umaskini wa hazina. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Makala haya yanauliza swali jingine: nani alikuwa na wajibu wa kuisimamia ahadi ile, na alipewa chombo gani cha kuisimamia?

Yafaa kwanza kutofautisha vitenzi viwili ambavyo mara nyingi huchanganywa. Kuendesha pensheni ni kupokea michango, kutunza mafaili, kukokotoa haki ya kila mtu na kumlipa. Kusimamia ni kumwuliza mwendeshaji maswali manne: Je, daftari la wenye haki ni sahihi? Je, fedha zimetengwa? Je, thamani yake inalindwa? Je, mwenye haki ana mahali pa kusikilizwa? Tutaonyesha kwamba katika Kongo uendeshaji ulikuwapo karibu wakati wote, walau kwenye karatasi. Kilichokosekana ni usimamizi.

2. Ahadi mbili za mwaka 1960

Pensheni ya wafanyakazi Waafrika ilianzishwa kwa amri ya tarehe 6 Juni 1956, iliyoanza kutumika mwaka 1957 katika Kongo ya Kibelgiji na pia katika Ruanda-Urundi. Mfanyakazi na mwajiri wote wawili walitakiwa kuchanga. Kabla ya hapo, mzee aliyeacha kazi mgodini, bandarini au kwenye reli aliitegemea hisani ya kampuni au shamba la ukoo wake. Amri ya 1956 ilileta wazo jipya: uzee wa mfanyakazi ni haki inayodaiwa, si sadaka.

Waajiriwa wa Kizungu walikuwa na mifuko yao ya pekee, iliyotangulia ule wa Waafrika. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo wanahistoria wetu hawajalipa uzito unaostahili. Tarehe 16 Juni 1960, siku kumi na nne kabla ya uhuru, Bunge la Ubelgiji lilipitisha sheria iliyoiweka mifuko ya waajiriwa hao chini ya dhamana ya Serikali ya Ubelgiji. Tangu siku ile, lolote ambalo lingelitokea Léopoldville au Élisabethville, mwajiriwa wa Kizungu aliyekuwa amechanga alijua mlango gani wa kubisha. Mfuko wa wafanyakazi Waafrika ulibaki Kongo, ukasubiri bahati ya dola changa.

Hatusemi haya ili kuamsha kinyongo cha zamani. Tunayasema kwa sababu yanaonyesha jambo la msingi. Tofauti ya hatima kati ya wastaafu hawa na wale haikutokana na kiasi walichochanga peke yake. Ilitokana pia na kuwapo, kwa upande mmoja, kwa mdhamini aliyetajwa katika sheria na kuweza kushtakiwa. Kwa upande wa pili, mdhamini alikuwa ni matumaini.

3. Mwaka 1961: nyumba moja, watu wawili nje na ndani

Dola changa haikukaa kimya. Amri-sheria ya tarehe 29 Juni 1961 iliunganisha vyombo vya zamani vya pensheni, ajali za kazi na posho za familia, ikaunda Taasisi ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, iliyojulikana na wote kwa herufi zake INSS. Usimamizi wake ulikusudiwa kuwa wa pande tatu: Serikali, waajiri na wafanyakazi. Kwa nchi iliyokuwa imegawanyika, ikiwa na Katanga na Kasai ya Kusini zilizojitenga, kuunda chombo cha namna hiyo ilikuwa kazi kubwa.

Lakini mtumishi wa Serikali mwenye cheo cha kudumu hakuingizwa katika nyumba hiyo. Haki yake ilifuata kanuni za utumishi, na malipo yake yalitoka moja kwa moja katika bajeti ya Serikali. Sheria ya tarehe 17 Julai 1981 juu ya watumishi wa umma iliendelea na mpango huo. Hapakuwa na mfuko uliotengwa. Hapakuwa na baraza la kuuliza mfuko una kiasi gani, kwa kuwa haukuwapo. Mwajiri, mdaiwa, mtunza daftari na mkaguzi walikuwa ni mmoja: Serikali.

Katika miaka ya neema mpango huu haukuonyesha ubaya wake. Mwaka 1967, zaire moja ilipoanzishwa ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani, na wastaafu walikuwa wachache kwa sababu utumishi wenyewe ulikuwa na vijana wengi. Ahadi isiyo na akiba huonekana imara maadamu siku ya kuitimiza iko mbali.

4. Fedha ilipoanguka

Siku hiyo ilifika pamoja na balaa la fedha. Baada ya uporaji wa Septemba 1991 na ule wa Januari 1993, Serikali ilibadilisha sarafu mnamo Oktoba 1993: zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 ilifuata faranga ya Kongo, iliyochukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Msomaji azizidishe tarakimu hizi mwenyewe. Faranga moja ya mwaka 1998 ilikuwa sawa na zaire 300,000,000,000 za zamani. Hakuna cheti cha pensheni kilichoandikwa katika miaka ya 1970 au ya 1980 ambacho kingeweza kustahimili mgawanyo wa namna hiyo, na hakuna marekebisho ya ofisini yaliyoweza kushindana na kasi ile. Akiba, kwa kweli, ilioza.

Matokeo yake yalikwenda mbali kuliko mfuko wa mstaafu. Neno kustaafu lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni kuomba kuachiliwa, kusamehewa kazi. Katika Kongo, mtumishi alifika umri wa kuachiliwa lakini hakuachiliwa, kwa sababu Serikali haikuwa na fedha za kumlipa haki zake za mwisho. Naye hakuomba, kwa sababu alijua kwamba siku atakapotoka kwenye orodha ya mishahara, hata kile kidogo alichokuwa akipata kitakoma. Hivyo ofisi, shule na vyuo vikuu vilibaki na wazee waliochoka, huku vijana wenye shahada wakisubiri nje. Orodha ya mishahara iligeuka kuwa orodha ya pensheni bila kuitwa hivyo. Sisi tunaofundisha tunalijua jambo hili kwa karibu: kila kiti kisichoachwa ni msaidizi mmoja ambaye hapandi cheo.

Katika mashirika ya Serikali hali ilichukua sura nyingine. Kati ya mwaka 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, kwa fedha zilizotolewa na Benki ya Dunia. Walipokea malipo ya mkupuo mmoja. Kiinua mgongo, kama neno lenyewe linavyosema, humsaidia aliyeinama kusimama. Hakimpi chakula cha miaka ishirini. Malipo ya mara moja humaliza deni la mwajiri siku hiyohiyo, na pamoja na deni humaliza pia kila sababu ya kusimamia.

5. Funzo kutoka kwa majirani

Mtu angeweza kudhani kwamba tatizo ni la fedha ya Kongo peke yake. Mfano wa majirani zetu unakanusha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, reli, bandari, posta na shirika la ndege vilikuwa na maelfu ya wafanyakazi waliokwisha kupata haki za pensheni. Mkataba wa usuluhishi uliotiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984 uliigawa mali ya Jumuiya, Kenya asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26, na kuitaka kila nchi iwalipe raia wake. Wadai wenyewe hawakuwa na kiti katika mapatano hayo. Nchini Tanzania walilazimika kwenda mahakamani, na suluhu ilifikiwa mwaka 2005, miaka 28 baada ya kuvunjika. Waliokuwa wafanyakazi nchini Kenya waliifikisha kesi yao mbele ya Mahakama ya Jumuiya mpya. Mwaka 2012 kitengo cha rufaa kiliamua kwamba mkataba wa Jumuiya mpya hauwezi kurudi nyuma na kuhukumu mambo yaliyoutangulia.

Kwao kilichovunjika ni mwajiri, kwetu ilivunjika sarafu. Lakini tukiyatazama maswali yetu manne, la nne ndilo linaloziunganisha habari hizi mbili: mwenye haki hakuwapo mahali hatima yake ilipoamuliwa.

6. Mfuko mpya na maswali ya zamani

Amri ya tarehe 14 Desemba 2015 iliunda mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, CNSSAP. Kwa mara ya kwanza mtumishi wa Serikali alipata chombo chenye jina, michango na hesabu zake. INSS nayo iligeuzwa kuwa CNSS mwaka 2018, na sheria ya tarehe 15 Julai 2022 iliuweka utaratibu maalumu wa watumishi wa umma juu ya msingi wa sheria kamili. Hatua hizi si ndogo. Zinamtenganisha mwajiri na mwendeshaji, jambo ambalo mpango wa zamani haukulifanya.

Hata hivyo mfuko si usimamizi. Daftari linahitaji kuhakikiwa kila mwaka, kwa maana jina la marehemu lililobaki na jina la mjane lililosahauliwa ni makosa ya ukurasa mmoja. Mchango unaokatwa kwenye mshahara unahitaji ushahidi kwamba umefika mfukoni, pamoja na ule wa Serikali. Akiba iliyowekwa kwa faranga inahitaji watu wenye ujuzi wa kuilinda, ama sivyo hesabu ya 1993 na 1998 itarudiwa. Na taarifa zote hizo zinahitaji kusomwa na wale zinaowahusu, kwa lugha wanayoielewa.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba wastaafu wa Kongo walipotezwa na ahadi isiyo na msimamizi kabla ya kupotezwa na hazina tupu. Sheria ya Ubelgiji ya Juni 1960 inathibitisha kwamba watawala walijua vema dhamana ni kitu gani. Waliitoa walipotaka kuitoa. Inabaki kazi mbili kwa vyuo vyetu. Ya kwanza ni kukusanya, kwa Kiswahili, masimulizi na vyeti vya wastaafu wa Serikali, wa reli na wa migodi, kabla wenyewe hawajatutoka, maana katika nchi ambayo mafaili mengi yamepotea ushahidi wao ni daftari la pili. Ya pili ni kuandaa istilahi. Sheria za pensheni zimeandikwa kwa Kifaransa, na mstaafu wa Kalemie au Kasongo huambiwa maana yake dirishani na karani. Asiyeweza kuusoma mkataba wake hawezi kuusimamia. Hapo wanaisimu wana kazi ambayo hakuna wizara itakayoifanya kwa niaba yao.